Msimu Komeo Alipoitwa Pazia

Jumapili, 3 Machi

Timu ya Kijani ina wachezaji kumi na mmoja, kocha, daktari ambaye siku za kazi hutibu ng'ombe, na mimi. Ukiwaondoa hao wengine timu itayumba. Ukiniondoa mimi, itakufa siku hiyohiyo na kuzikwa kabla jua halijazama. Sijisifu. Sifa nimewaachia wanaozihitaji.

Nimeanza kuandika kwa sababu siku moja watu wa historia watakuja kuulizia timu hii, na katika mtaa wetu mwenye mdomo mpana kuliko wote ni kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sitaki historia itoke kinywani mwa kinyozi. Shule niliishia darasa la sita. La saba niliona halina cha kuniongezea.

Basi ijulikane. Kazi yangu ya mkono ni fundi makochi. Kazi yangu ya moyo ni debe. Mechi ikianza mimi napanda juu ya kigoda changu, nilichokitengeneza mwenyewe na kukitia sponji, nauelekeza mgongo uwanjani na uso kwa mashabiki, napiga debe na wao wanaimba. Wapo wajinga wanaouliza, sasa mpira unauona saa ngapi? Ninauona nyusoni mwao. Nyuso zikifunguka, tumepata. Zikijifunga, tumepatikana. Isitoshe nina macho kisogoni. Ndiyo maana wananiita Mwenyekiti. Kinyozi anasema ni kwa sababu ya makochi. Mwache aseme.

Na golikipa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, tunakaa naye ua mmoja na siku za kazi ananisaidia karakanani. Uwanjani wanamwita Komeo, maana akishafunga amefunga. Nilimfundisha mimi, kwa kumrushia mito ya makochi tangu hajaota meno ya pili. Damu ni yangu. Enzi zangu nilidaka shuti moja, mpira ukapasukia mikononi, nikabaki nimekumbatia hewa. Refa alifikiri sana, kisha akasema hewa ndiyo mpira wenyewe, nimedaka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua zimeanza. Paa la karakana linavuja juu ya kochi la mwalimu mkuu. Nimelisogeza. Likavuja na huko.

Jumamosi, 9 Machi

Moja bila, ushindi wetu. Dakika za mwisho Komeo alipaa mpaka nikadhani hatashuka, akauchomoa mpira pembeni kabisa kwa ncha ya kucha.

Nilikuwa nasimulia hivyo uani, dada yangu akaacha kukunja nguo. Huyu ni mkubwa wangu, anapiga pasi kwa dobi wa mjini, na ulimi wake una moto kama pasi yenyewe.

"Mbona mwenyewe anasema mpira ulimgonga goti?"

"Goti nani alilipeleka pale? Si yeye?"

"We mdogo wangu," akasema, "ungekuwa mvua, ungenyesha mpaka ndani ya makabati."

Jumanne, 12 Machi

Nimeshonea bitana kiti cha mikono. Mvua. Dada amemsimulia mke wangu kwamba tulipokuwa wadogo wakija wauguzi na sindano, yeye ndiye anachomwa, mimi ndiye nafumba macho na kumng'ang'ania mkono. Wamecheka mpaka chai ikapoa. Sikumbuki jambo kama hilo. Watoto tulikuwa wengi.

Jumamosi, 16 Machi

Sare. Hakuna lililotokea ila matope.

Alhamisi, 21 Machi

Jumamosi tunakutana na Wekundu wa ng'ambo ya reli. Leo muuza vipuri vya baiskeli, ambaye ni Mwekundu mpaka soksi, amepita mbele ya karakana akiimba. Nikamwita.

"Wewe! Mkitufunga hata goli moja, hata la bahati mbaya, mimi nitakula sponji."

"Ya kochi?"

"Ya kochi. Bila chumvi."

Watu walicheka barabara nzima. Mpwa wangu alikuwa nyuma anapaka gundi. Akasema taratibu, "Mjomba, usiniwekee mdomo mahali ambapo mikono yangu haijafika." Ni kijana wa maneno machache. Hayo hakuyapata kwangu.

Jumamosi, 23 Machi

Saba.

Jumapili, 24 Machi

Jana mkono ulikataa kuandika. Leo nimeulazimisha.

Saba bila. Nitaeleza kama nilivyoiona mimi, yaani kwa nyuso, maana kwa jambo hili hakuna shahidi kama mimi.

La kwanza nililiona kwenye uso wa mama muuza matunda, anayekaa mstari wa mbele na mwavuli wake wa njano. Uso ulijifunga polepole, kama mlango wa duka mwenye duka akiwa bado anatumaini mteja. Nikapiga debe kwa nguvu zaidi. La pili walilishika wale vijana wa gereji, wakaweka mikono kichwani wote kwa pamoja utadhani wamefundishwa. La tatu kinyozi alivua kofia. La nne hakuna aliyetazama uwanja, walitazamana wao kwa wao, kama watu wa familia moja msibani wanaoulizana nani atawaambia watoto.

Wakati wa mapumziko nikawaambia tutarudisha. Nikawapa kisa cha mwaka ule tulifungwa tisa tukarudisha kumi. Kinyozi akauliza mwaka gani. Nikamwambia alikuwa hajazaliwa. Ana miaka mitatu kunizidi.

La tano kinyozi alilia. Nataka hili liandikwe vizuri. Huyu ni mtu anayeshika wembe kooni mwa watu kutwa nzima na mkono wake hautetemeki. Jana mdomo wake ulibaki wazi kama wa mtoto aliyedondosha mkate kwenye maji machafu, na machozi yakamtiririka humohumo mdomoni. Mvua ilikuwa inanyesha, wengine wasingejua. Mimi nimewatazama watu hawa miaka mingi, najua lipi la mvua na lipi la mtu.

Akajifuta kwa kitambaa chake cha kijani. Na mdomo uleule ukapiga kelele:

"Huyo si komeo! Huyo ni pazia! Upepo ukija tu, linafunguka!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu walioelemewa, kilichokosa mahali pengine pa kutokea. Kisha mmoja akaimba, "Pa-zi-a!" Wa pili akapokea. Mara jukwaa zima. "Pa-zi-a! Pa-zi-a!"

Wimbo ule ulilingana na debe langu utadhani vilizaliwa pamoja.

Kiongozi haachi kupiga. Hiyo ni kanuni, niliiweka mwenyewe. Mikono ilikuwa inapiga, ikaendelea kupiga. La sita likaingia wakiimba. La saba likaingia wakiimba.

Siku zote mchezo ukiisha Komeo hupita mbele yetu na kuninyooshea glavu moja juu. Jana alipita ameinamisha kichwa, mikono kifuani, na hakuinyoosha.

Na mimi niseme la kitaalamu: alilala. Mtu niliyemfundisha mimi hafungwi saba. Tatu sawa, tope ni tope. Saba ni kulala.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta sahani. Juu yake vipande saba vya sponji vimekatwa vizuri kama keki. Pembeni, uma.

Jumanne, 26 Machi

Mpwa wangu amekuja kazini. Tumefanya kochi la mwalimu mkuu toka asubuhi mpaka jioni. Maneno yaliyosemwa ni haya: "Nyundo." "Hii hapa."

Ngozi ameivuta kwa mkono wa kushoto. Imekaa na mikunjo. Nimemwambia airudie, akairudia, ikakunjika palepale. Nikasema moyoni, huyu hata kazini amelala.

Alhamisi, 28 Machi

Leo tawi letu la mashabiki limekutana karakanani kwangu, kama kawaida, kila mtu juu ya kochi la mteja. Mpwa wangu alikuwa amepeleka viti kwa mwenyewe, na nilishukuru.

Kinyozi ndiye aliyesimama. "Jamani, tutume watu kwa kocha. Kipa abadilishwe. Mwenyekiti, tunajua ni mtoto wa dada yako, tunakuonea huruma, lakini atuondokee."

Nikajibu kwamba uchunguzi wangu bado unaendelea.

"Uchunguzi gani? Kwani hukuwepo?"

"Nilikuwepo kuliko wewe."

"Haya. Goli la nne lilipita wapi?"

Hata mvua ilipunguza.

"Juu," nikasema. "Kona ya juu kabisa. Lile hata malaika asingedaka."

Waliangua kicheko. Lilipita katikati ya miguu. Kijana mmoja wa gereji alianguka toka kwenye mkono wa kochi. "Mwenyekiti, kisogo chako kinahitaji miwani!" Nikacheka nao, maana ukichekwa peke yako unakuwa mdogo.

Mama muuza matunda hakucheka. Alikuwa anachezea mwavuli wake.

"Mlikuwa mnaimba," akasema, "kwa hiyo hamkuona. Mimi sikuimba. Goli la pili yule kijana aligongana na mshambuliaji wao, akaamka ameshika mkono wa kulia. Toka pale hakuufungua tena. Alikuwa anadakia mmoja."

"Mbona hakutoka?" akauliza kinyozi.

"Atoke aende wapi? Kipa wa pili anaumwa, hata benchi hakukaa. Angeingia nani golini, wewe?"

Kila mtu akatazama miguu yake. Kisha wakanitazama mimi.

"Hilo niliona," nikasema. "Nilikuwa nangoja mtu mwingine aliseme."

Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Ijumaa, 29 Machi

Nimemwambia anyooshe mkono wa kulia. Akakataa. Nikamwambia mimi ni mjomba wake. Akanyoosha. Kidole kile kirefu kuliko vyote, cha kati, kimevimba kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na rangi zake.

Zahanati wamesema kimevunjika. Wamekifunga kwa kibao. Muuguzi akauliza ana siku ngapi nacho, dada yangu akajibu, "Toka Jumamosi," huku ananitazama mimi.

Tulirudi watatu kwa miguu, kila mmoja na mwavuli wake. Kijana akatangulia. Dada akasema:

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Hukuona mwanangu ameshika mkono?"

"Dada, niliona, ila..."

"Ila nini?"

Sikuwa na ila. Nimeishi na ila mfukoni maisha yangu yote, leo nimepapasa, hamna.

"Sikiliza," akasema. "Mwanangu usiku ule hakulilia kidole. Saba hakuzililia. Aliniambia, mama, waliimba, nikasema watu wamechoka, waimbe. Halafu nikasikia debe."

Nimekaa hapa nimeandika kwamba nilikuwa napiga kuwafunika sauti. Nimelifuta. Ukifunika kitu huendi na mapigo yake.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimeichovya brashi kwenye ndoo ya gundi, ikakwama. Nimetoa kitu: glavu zake. Amezitumia kufutia gundi. Zimekauka zimekunja vidole, kama mikono ya mtu anayeomba.

Jumatano, 3 Aprili

Kinyozi ameniita nikanyolewe, ni siku yangu. Nimemwambia nafuga ndevu. Mtu aliyetunga neno lile hatanishika kidevu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda uwanjani peke yangu. Golini alikuwa kipa wa pili, bado anakohoa. Nikapanda kigodani, nikapiga. Dakika ya ishirini wakafunga, na kutoka nyuma kabisa mtu akaanza, kwa utani tu, "Pa-zi-a..."

Mikono yangu ikasimama.

Miaka yote hii sijawahi kusikia uwanja bila debe langu. Unasikia mvua. Unasikia wachezaji wanaitana. Yule aliyeanza wimbo alibaki peke yake, akamalizia kwa kukohoa.

"Piga, Mwenyekiti!" kinyozi akasema. "Vipi?"

"Debe limetoboka."

"Limetoboka wapi? Lete nione."

"Limetoboka, nimesema!"

Nikashuka na kigoda changu, nikaondoka kabla ya mapumziko. Nilipofika nyumbani nikachukua patasi na nyundo, nikalitoboa, ili nisiwe mwongo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Ndevu zinawasha.

Ijumaa, 12 Aprili

Nina mpango. Usiandikwe mpaka ukamilike.

Jumapili, 14 Aprili

Umekamilika. Nimemshonea glavu. Ngozi laini iliyobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu, ndani sponji ngumu ya daraja la kwanza, mishono miwili miwili, na kidole cha kati nimekitia pedi ya ziada. Glavu kama hizi hazijatengenezwa na kiwanda chochote duniani na nina hakika wakiziona watanitafuta.

Nikaziweka mezani mbele yake, uani, dada akiwa anaanika nguo chini ya upenu.

Akavaa ya kushoto. Akajaribu kufunga vidole, havikufunga. Akajaribu kuvitenganisha, vilikaa vimetawanyika vyenyewe. Akainua mkono wake, mkubwa kama mto wa kulalia, akautazama mbele, akautazama nyuma. Kisha akauweka mezani, akalaza shavu juu yake na kufumba macho.

"Mjomba," akasema akiwa amelala hivyohivyo, "hizi za usiku au za mchana?"

Dada alicheka mpaka kamba ya nguo ikaachia. Kijana akacheka. Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo maneno yaliyosemwa karakanani ni mengi, siwezi kuyaandika yote. Mengi ni kuhusu glavu.

Jumatano, 24 Aprili

Kinyozi ameleta kiti chake. Kile cha kunyolea, cha kuzunguka, ambacho hakijatoka dukani kwake tangu kiingie. Amekisukuma kwenye tope mwenyewe. Kilikuwa kimechanika mgongoni, lakini kimechanika tangu miaka ya nyuma na hakijawahi kumsumbua.

Hakunisemesha mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mpwa wangu.

"Kijana, nataka unifunikie wewe. Si huyu mwenye ndevu."

"Sawa, mzee. Ngozi ya rangi gani?"

Kinyozi akazungushazungusha kiti. "Siku ile... unajua mdomo ni kitu gani? Mdomo ni..." Akatafuta. Mtu mwenye mdomo mpana kuliko wote mtaani alisimama pale katikati ya sponji zangu akatafuta neno. "Mwanangu, mimi timu hii ikifungwa, nyumbani sili. Muulize mke wangu. Si kwamba nakuchukia."

"Rangi gani, mzee?"

"Kijani."

"Kijani ipo," akasema mpwa wangu, akachukua futi akaanza kupima. Akapima mgongo wote kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Na ile kauli ya pazia, mzee, ilikuwa nzuri. Ingekuwa ya mtu mwingine ningecheka."

Kinyozi akakaa juu ya godoro la mteja, akauficha uso kwenye kofia yake. Nilitaka kumcheka, ndio wakati wake. Nikaukumbuka uso wa goli la tano. Nikampelekea chai.

"Na wewe," akaniambia kutoka ndani ya kofia, "kiti kikiisha uje nikunyoe. Unafanana na godoro lililopasuka."

Jumamosi, 4 Mei

Kibao kimetolewa. Kidole kimepinda kidogo kwenye kiungo. Kinafunga, kinafungua. Timu imepata sare bila sisi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimenyolewa.

Jumapili, 12 Mei

Leo tulikuwa tunatoa springi kochi la zamani, mimi na yeye, mvua imekatika, mlango wazi. Nikamwambia, maana ukiwa umeshika koleo maneno hutoka kwa urahisi zaidi:

"Nilipaswa kuacha kupiga."

Akaendelea kung'oa misumari. Mmoja. Mwingine.

"Kocha ameniita," akasema. "Mechi ya mwisho, Jumamosi. Haina maana yoyote, hatushuki wala hatupandi."

"Kila mechi ina..."

"Mjomba."

Nikang'oa msumari.

"Nitacheza. Ila usije na debe."

"Limetoboka."

"Najua limetoboka, nilikuona unalitoboa." Akaweka koleo chini. "Ukae na mama. Ukae kama watu, uniangalie. Miaka yote hii nikiwa golini, nikitazama kule kwenu, naona kisogo chako tu."

Nikasema nitakaa. Nikasema nitamwangalia tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, hata nzi akitua kwenye jicho. Akanyoosha mkono wa kulia, wenye kidole kilichopinda, tukashikana.

Ijumaa, 17 Mei

Sijala vizuri. Kosa ni la chakula.

Jumamosi, 18 Mei

Hii ndiyo mechi kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa na timu yetu, na ninaisema kama shahidi aliyekaa mstari wa mbele, uso uwanjani. Watu wa historia waanzie hapa.

Kwanza niseme kuhusu goli. Miaka yote sikujua goli ni pana kiasi kile. Ukilitazama kwa mbele ni nyumba isiyo na ukuta. Mtu mmoja anasimama mle kama msumari uliopigiliwa mahali patupu, na kila kinachorushwa duniani kinamjia yeye. Nikamuuliza dada, "Siku zote liko hivi?" Akasema, "Siku zote." Akanishika mkono. Au nilimshika mimi.

Mashabiki walikuwa haba. Kinyozi alikaa nyuma yetu na kofia magotini. Mama muuza matunda na mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa linawaka. Hakuna aliyeimba, maana hapakuwa na debe. Komeo alipoingia na glavu mpya za dukani (zangu ameziacha kitandani, anasema anazilalia kweli), kinyozi alisimama akapiga makofi peke yake. Kisha vijana wa gereji. Kisha wote.

Kipindi cha kwanza alidaka mbili nyepesi na krosi moja. Bila kwa bila. Cha pili bila kwa bila. Dakika zikiwa zimeisha beki wetu akamwangusha mtu, refa akaonyesha penalti.

Mpira ukawekwa. Mpigaji wao, jitu lenye mapaja kama magunia, akarudi nyuma mpaka karibu atoke uwanjani. Komeo akatema mate kwenye glavu, akapanga miguu. Filimbi. Jitu likaja, ardhi inatikisika, likapiga shuti lililolia kama bati linalong'olewa na upepo. Mpira ukapita moshi unatoka. Komeo akaruka! Alinyooka hewani kama ngozi ninapoivuta kochini, kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole, na kidole chenyewe ndicho kile, kilichovunjika, kikaugusa mpira, mpira ukaugonga mwamba, mwamba ukalia, ukarudi mikononi mwake kama mtoto anayerudi kwa mama.

Kelele zilizotoka sijawahi kuzisikia kwenye uwanja ule hata nikiwa na debe. "Ko-me-o! Ko-me-o!" Kinyozi alitukumbatia wote kwa nyuma, mimi na dada pamoja, akatulilia mabegani. Na mchezo ulipoisha mpwa wangu alikuja mpaka mbele yetu, akaninyooshea glavu moja juu.

Nami nikanyoosha mkono wangu. Uso kwa uso.

Jumapili, 19 Mei

Nimesimulia penalti kwa kinyozi, nikiwa kwenye kiti chake cha kijani, kisha kwa waliokuja kunyolewa, kisha kwa waliokuwa wanapita tu. Mara ya tatu nyavu ziliwaka moto.

Kinyozi akauliza, anapangusa wembe, "Kwani aliruka kushoto au kulia?"

"Aliruka panapostahili."

Akanitazama kwenye kioo muda mrefu kidogo. Kisha akanigeuza shingo taratibu, akaendelea kunyoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Jioni tulikula wote uani. Mpwa wangu akaniuliza, kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Mjomba, uliniona?"

"Nilikuona," nikasema.

Akatabasamu, akaniongezea chakula kwenye sahani kutoka kwenye yake.

Sasa hapa, ambapo sipigi kelele na hakuna wa kunicheka. Nilimwona akitema mate kwenye glavu. Nilimwona akipanga miguu. Nilimwona yeye na upana ule wote nyuma yake. Refa alipotia filimbi mdomoni nilifumba macho, yote mawili, nikamng'ang'ania dada mkono kama siku za sindano. Nilijua amedaka kwa sababu dada aliacha kunikamua vidole.

Kushoto au kulia, sijui. Naona haya kumuuliza.